Tairi Lenye Nundu

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumai u mzima, shemeji naye mzima, na mapacha bado wanalia kwa zamu kama walinzi. Hali yangu ningeandika buheri wa afya, ila leo kalamu imegoma.

Unajua hapa gereji kwa kuziba pancha hakuna wa kunifikia. Jumatatu nikawaambia wenzangu wakae pembeni wamtazame mwanamume akinyanyua gurudumu la lori peke yake. Nililinyanyua, dada, usicheke! Kilichofuata ni giza. Nilipofumbua macho, bosi alikuwa ananimwagia yale maji ya kutafutia pancha, machafu hivyo hivyo.

Hospitalini daktari alinipaka ute wa baridi kifuani, akapitisha kidude chake cha kutazamia moyo. Akawaita wenzake wawili. Nikajua wanakishangaa kifua changu, nikakitunisha. Akaniambia nitulie. Akasema valvu moja ya moyo wangu ni nyembamba toka nizaliwe, damu inapita kwa kujibana na kuruka kwa kasi kama upepo wa kompresa, na bomba linaloipeleka mapafuni limevimba, limetoka nundu. Likizidi laweza kupasuka. Nikamwambia valvu ndiyo kazi yangu, anipe spana tu. Hakucheka.

Hapo nikayakumbuka maneno yangu mwenyewe. Si mimi ninayewaambia madereva kwamba tairi lenye nundu halizibwi, linatolewa leo leo? Nao hunibembeleza niwaache walitembelee hadi Jumamosi. Nikashtukia namsihi daktari aniache hadi Jumamosi. Akasema upasuaji ni Ijumaa, na ndugu aje kutia sahihi.

Sasa nisamehe. Daktari aliuliza kama utotoni hakuna aliyesikia mlio kifuani mwangu. Nikasema hakuna. Uongo, dada. Nesi aliyetupima shuleni aliusikia, akanipa barua nimpelekee mama. Nilisoma neno moja tu, "asikimbie", na jioni ile tulikuwa na mechi. Nikaikunja ndege ya karatasi, nikairusha, ikatua juu ya paa la choo. Miaka yote uliniita Mzee Pumzi kwa kusimama njiani, ukidhani uvivu, nami nilijua. Mama amekufa hajui.

Kwa simu ningeleta utani, ndiyo maana nimeandika, nampa dereva mmoja mteja wetu akukabidhi mkononi. Njoo kabla ya Ijumaa. Na barua hii, tafadhali, usiifanye ndege.

Wabusu mapacha, shemeji mwambie rekodi ya gurudumu bado ni yangu.

Mdogo wako,
Mzee Pumzi