Tangazo Chini ya Kapeti

Shoga, uko wapi? Nipigie.

Si leo tunabomoa bafu la mama mkwe! Kung'oa kapeti la plastiki, chini kumetandikwa magazeti ya 1962. Tukakaa tunacheka matangazo. Mke anapiga deki na mkufu wa lulu shingoni!

Halafu nikaona tangazo la kuta za asbesto. "Jijengee mwenyewe!" Baba anakata ubao wa asbesto kwa msumeno, anatabasamu. Mtoto anachora ua kwenye vumbi. Kwenye VUMBI, Jodie, lile linaloua mapafu.

Nikampelekea mama mkwe, Coral, nikijua atacheka. Akaligusa tu.

"Hili ndilo nililomwonyesha Merv. Mimi ndiye niliyemsumbua mpaka akajenga."

Merv! Baba mkwe wangu, aliyekufa kwa mapafu!

Nikamwambia, "Mama, hukujua."

"Kila jioni nilikung'uta shati lake pale barazani, Craig nimembeba."

Craig. Mume wangu. Nikageuka kumwangalia. Mweupe pe kwa vumbi, kope mpaka nywele. Asubuhi nzima amekata ukuta uleule wa baba yake kwa msumeno wa umeme! Nilimwambia tuite mafundi wa kuondoa asbesto, akanicheka: "Kwa bafu? Marehemu baba angenizaba kofi. Nyumba hii aliijenga peke yake."

Sasa amekaa sakafuni. Mama analikunja lile gazeti, analikunjua, analikunja tena.

Mimi niko barazani. Shati la kazi la Craig liko hapa kwenye kamba. Alilivua saa ya chai, Jodie, nikalikung'uta mwenyewe.