Flash Mbili Nyekundu

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Laptop ya marehemu mume wangu Masinde imechoka. Ukiiwasha unaweza kupika chai, uinywe, na bado inazunguka tu. Binti yangu Fancy anasema dawa ni kutoa Windows tuweke kitu kinaitwa Linux. Ati ni bure. Bure! Tangu lini kitu kizuri kikawa bure hapa Nakuru? Na fundi aliyempata — Kimutai wa Njoro! Anaimba besi kwa kwaya ile ile iliyoshinda kwaya yetu kwa tamasha mwaka jana. Mafundi wote wamejaa mjini, Fancy akaona huyo tu. Naangalia.

Jumatano, 5 Novemba

Kimutai amekuja kuona mashine. Mpole sana. Wapole nawajua. Akasema kuweka Linux kunafuta kila kitu kilicho ndani, kwa hivyo kama kuna kitu cha maana nimwonyeshe, atanisaidia kukihifadhi.

Nimwonyeshe! Humo ndani kuna nyimbo za mume wangu. Masinde hakujua kuandika nota. Alikuwa anakaa hapa mezani anaimba sauti zote peke yake, moja moja, anarekodi. Zile za mwisho hakuna kwaya imewahi kuziimba. Ndizo tunataka kutoa kwa tamasha la Desemba. Na sauti yake, sina nyingine. Nikiikosa hiyo nimemzika mara ya pili.

Nikamwambia Kimutai hakuna kitu, ni picha za harusi za watu. Akanitazama. Kwa nini alinitazama?

Alhamisi, 6 Novemba

Nimenunua flash mbili nyekundu, pale pale, duka moja. Moja nimeweka nyimbo. Nyingine tupu, ya kubebea hiyo Linux mpaka kwa laptop. Flash ya Kimutai haiingii kwa mashine yangu — nani anajua imebeba nini?

Kisha nikafuta nyimbo zote kwa laptop, na lile pipa la takataka la kompyuta nikalimwaga. Atafute mpaka achoke!

Ya nyimbo nilikuwa nimeifunga uzi mweusi. Baadaye nikafikiria — si uzi ndio utamwonyesha mwizi? Nikaufungua. Sasa hakuna mtu anaweza kujua ni gani. Akili ni mali.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimempa Kimutai flash moja aende aweke Linux humo. Akauliza kama iko na kitu, maana itafutika yote. Akauliza tena. Mbona anauliza sana? Anataka niseme nyingine iko wapi! Nikamwambia ni tupu, na asiifungue kupekua. Akaapa hatafungua. Fancy ananiambia, mum, punguza. Sipunguzi. Nyingine iko ndani ya mkebe wa unga.

Jumamosi, 8 Novemba

Kimutai yuko kwa kochi. Mimi niko jikoni, ati nachemsha chai.

Asubuhi Linux iliwaka kutoka kwa flash. Aki ni nzuri, na haraka! Akasema bado haijaingia ndani ya mashine, tunaionja tu. Nikikubali ndipo abonyeze. Nikamwambia angoje. Nikatoa ile ya kwa unga, nikampa Fancy aichomeke kwa laptop yake ya chuo, nihakikishe.

Tupu. Woi! Tupu kabisa!

Nilipiga nduru mpaka jirani akachungulia. Nikamwita Kimutai mwizi, mbele ya mtoto wangu. Hakukasirika. Akauliza polepole nilifanya nini na hizo flash. Nikajipata nasema yote — uzi, pipa, unga. Fancy akashika kichwa. Kimutai naye akatoa mkono kwa mashine kama imemchoma.

Ati kitu ukikifuta hakiendi hapo hapo. Kinabaki kimelala, mpaka kingine kiwekwe juu yake. Angebonyeza, kwaheri. Ile flash ya nyimbo, niliyompa mwenyewe, Linux imeshaikalia. Lakini kwa laptop kuna nafasi ya kuzipata, ingawa si kubwa. Lazima aende nayo Njoro kwa vifaa vyake. Na majina ya nyimbo yatakuwa yamepotea, kwa hivyo itabidi asikize kila sauti itakayotoka humo, mwanzo mpaka mwisho.

Asikize! Yeye, besi wa Njoro!

Nimemuuliza Mungu kama huu ni mtego. Lakini flash nilimpa mimi. Uzi niliufungua mimi. Aliuliza mara mbili, nikamwambia ni tupu. Mficha uchi hazai, mama alikuwa akituambia. Naogopa. Naogopa sana.

Sasa ameniita, na upole wake ule ule. "Mathe, nitajua aje ni mzee Masinde? Niimbie kidogo tu, vile wimbo wake unaanza."

Fancy amezima redio. Wananingoja.

Nimefunga dirisha kwanza — jirani asisikie.