Mama Kahonzi, Mpishi wa Uji, Aliyeumwa Jino

Mwaka umetimia wiki hii, Mama, tangu ulipotutoka, na sisi wanao ndio kwanza tunapata ujasiri wa kusema ulikufa kwa nini. Mwambire, kifunguamimba wako, ndiye anayeandika kwa niaba ya nyumba nzima. Ameandika na kufuta tangu Jumapili. Matangazo ya kumbukumbu huandikwa na watoto waliowauguza wazazi wao vizuri, naye analijua hilo.

Tuanze na mema, maana ndiyo mengi. Miaka kumi na minne uliwapikia uji watoto wa shule yetu ndogo, nyuma ya mashamba ya chumvi hapa Gongoni. Kila siku ya shule, jua halijachomoza, ulikuwa umeshapuliza moto, macho mekundu kwa moshi, ukiwagombeza wanaokuja na vikombe vichafu. Asiyesalimia hakupewa. "Shikamoo hainunuliwi dukani," ulikuwa ukisema. "Yatoka kinywani bure, nawe waninyima?" Lakini mtoto aliyetoka kwao na njaa ulimjua kwa kumtazama tu. Ulimkwangulia ukoko wa sufuria, ukamwambia ale nyuma ya jiko asije akachekwa.

Walimu nao hukuwaacha. Mwalimu mkuu, Damaris Mutuku, alipoletwa kutoka Ukambani, siku ya kwanza ulimwambia Kiswahili chake kina mawe kama mchele usiochaguliwa, na mchana ule ule ukampelekea samaki. Gredi ya Kwanza walipokuwa wakisoma ba, be, bi, wewe ulikuwa ukiitikia kutoka jikoni, na ndivyo ulivyojifunza kusoma ukiwa na wajukuu sita. Siku uliyolisoma jina lako kwenye orodha ya wafanyakazi ukutani, ulilia, ukatuita wote tuje tuone. Owen, mwanao wa pili, akakucheka. Ulimchapa mgongoni kwa mwiko.

Basi mwaka jana, mwezi wa Juni, wasichana wa Gredi ya Sita wakaanza kuanguka. Alianza mmoja baada ya uji wa saa nne, akapiga ukelele, akazimia. Kufikia wiki ya pili walikuwa tisa. Watu wa afya walikuja wakapima maji, wakapima unga, wasione kitu. Mwalimu Damaris aliwaambia wazazi kwamba watoto wana hofu ya mtihani, na tena ukame umewamaliza nguvu. Nani alimsikiliza? Watu walitaka mtu, hawakutaka sababu. Na nani anayewalisha watoto? Ajuza mwenye macho mekundu. Lisemwalo lipo, walisema, na wakalisema kila mahali mpaka likawa lipo kweli.

Wazazi wakawazuia watoto nyumbani. Shule ya watoto mia na hamsini ikabaki na arubaini na wawili, na habari zikaenea kwamba ikiendelea hivyo itafungwa, watoto wapelekwe shule iliyo ng'ambo ya barabara kuu. Kikaitwa kikao. Wazee wakaamua wewe ule kiapo cha papai. Kwetu Wagiriama, ukishutumiwa uchawi, mganga hukisomea kipande cha papai, nawe ukakila mbele ya watu. Aliye safi humeza akaenda zake. Mwenye hatia huvimba mdomo na mashavu. Sisi wanao tulikubali pale pale, bila kukuuliza. Tulikuwa na hakika nawe, Mama. Hilo ndilo linalotuuma zaidi, kwamba tulikupeleka kwa sababu tulikuamini. Wewe ulisema neno moja tu: "Kama papai ndilo litakalowarudisha watoto darasani, nitalila."

Siku ya safari ya kwenda kwa mganga ilipofika ulikuwa na siku tatu huli vizuri. Nelly, kitindamimba wako, alikuwa amekuja kutoka Bofa anakofua mashuka hotelini, na yeye ndiye aliyekuwa akikusagia karafuu za kuweka jinoni. Alimshika Mwambire mkono pale uani.

"Kaka, Mama ana jino bovu. Upande wa kushoto ushaanza kuvimba. Ngojeni likang'olewe kwanza."

"Siku ishapangwa. Tukiahirisha watasema anaogopa."

"Na akivimba je?"

"Nelly, nyamaza! Haya si mambo yako."

Wewe ulikuwa umeshaketi nyuma ya Owen kwenye pikipiki, leso umeifunga kidevuni. Ulisema, "Twendeni. Mwambire kashasema."

Ulilila lile papai mbele ya watu zaidi ya hamsini. Ulimeza, ukarudi nyumbani, ukaomba maji. Asubuhi shavu lilikuwa limejaa hata jicho limefumba, na habari ilifika sokoni kabla sisi hatujatoka nje.

Hapa ndipo mkono unapokuwa mzito. Nelly alikuwa amerudi kazini. Jino tulilijua, tulikuwa tumeambiwa waziwazi, na bado tulipokutazama tuliona kiapo. Mwambire, aliyemaliza kidato cha nne, anayesoma Biblia mbele ya kanisa kila Jumapili, alikuona ukivimba akaanza kujiuliza kama kweli mama yake ni mchawi. Siku tatu tulikaa. Pikipiki ilikuwa uani na mafuta ndani. Hospitali haitibu kiapo, tuliambizana. Kiapo huvunjwa na aliyekitoa, naye havunji mpaka mtu akiri. Basi tukakupigia magoti, sisi uliotuzaa, tukakusihi ukiri. "Sema tu, Mama," Mwambire alikuambia. "Hata kama ni uongo, sema ufunguliwe." Ulikuwa huwezi tena kusema. Ulitikisa kichwa. Akakuomba tena, ukatikisa tena, kisha ukageukia ukutani.

Siku ya nne Nelly alipiga simu akasikia unavyopumua. Alikodi gari kutoka Kilifi, akaja akakubeba, hakutuuliza neno. Ulifika hospitali Malindi ukiwa hai, na saa sita mchana ukakata roho. Daktari alituita kando. "Ni jino," alisema. "Usaha umeshuka shingoni ukamziba pumzi. Mlikuwa mkingoja nini?" Mpaka leo hatujamjibu.

Jumatatu iliyofuata watoto walirudi shuleni. Wote, Mama. Mchawi amekufa, wazazi walisema, sasa darasa ni salama. Shule haikufungwa. Gredi ya Sita walifanya mtihani wao, na siku ya wazazi watoto waliimba, waliofanya vizuri wakapewa madaftari, kina mama wakapiga vigelegele. Mwambire alikaa nyuma kabisa, kwa kuwa ana mtoto pale. Hakuna aliyekutaja isipokuwa Mwalimu Damaris, na alipokutaja watu waliangalia miguu yao.

Kisha mwezi jana wasichana wakaanguka tena. Sita. Wewe uko kaburini karibu mwaka mzima, na tulidhani watu wataona haya. Wapi! Sasa wanamtaja mzee Lewa, anayefagia uwanja wa shule, eti hasemi na watu, eti nywele zake zimekuwa nyeupe upesi mno. Kikao kimeitwa Ijumaa hii. Papai linatajwa tena.

Ndiyo sababu kumbukumbu hii tumeibandika kwenye lango la shule. Anayejua kusoma na asome, asiyejua asomewe: Kahonzi hakuwa mchawi. Alikuwa na jino bovu. Na waliomwacha akafa si mganga wala wazazi wa wanafunzi peke yao. Ni wanawe, waliojua. Mzee Lewa aachwe na ufagio wake. Ijumaa Mwambire atasimama mbele ya kikao aseme maneno haya haya kwa kinywa chake. Huenda wakampiga. Huenda wakasema yeye ndiye aliyeurithi uchawi wako. Mkewe Phoebe amemsihi asiende, na ni kweli Mwambire anaogopa, lakini safari hii hatasema siku ishapangwa kisha akanyamaza.

Hatukuombi msamaha hapa, Mama. Hilo tutakuja kukuambia kaburini, bila watu.

Wanaokukumbuka ni wanao Mwambire na Owen; wake zao Phoebe na Cynthia; na wajukuu wako saba. Huyo wa saba hukumwona. Amezaliwa Februari, na tumempa jina lako.

Nelly alikataa kuandikwa pamoja nasi. Tulimfuata Bofa kumwomba. Alitusikiliza mpaka mwisho, mashuka mabichi mkononi, kisha akamwambia Mwambire, "Ukishasimama Ijumaa, uniite dada. Kwa sasa niandike chini, peke yangu." Tumefanya alivyotaka.

Hatutakusahau, Mama, tukitaka na tusipotaka.

Nelly, binti yako, aliyetuambia.