Wazee wa Bunyakiri Hawakukosea

Muhumba, Bukavu

Papa,

Nakusalimu wewe na Mama. Goti lako linaendeleaje na mvua hizi? Mama bado anakohoa? Na mihogo ya kule bondeni, mmeivuna au wezi wamewatangulia? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umechafuka, na nisipokuandikia leo nitamtukana mtu hapa ofisini, na wewe hukunilea hivyo.

Wiki mbili nakupigia simu, hushiki. Sababu naijua. Mama ameniambia kwamba tangu pasta aliposimama kanisani akasoma barua yangu, ile iliyosema ninyi wazee mmekosea, hujakanyaga tena kwenye kikao cha kusoma tafsiri yetu ya Biblia. Kwamba wenzako wanakucheka, eti binti yako mwenyewe amekurudisha darasani. Papa, hamkukosea. Aliyekosea ni mimi, na nina hasira.

Unakumbuka ubishi wenyewe: yale maneno ya Yesu ya kuomba, kutafuta na kubisha mlangoni. Mlikataa tuyaandike kama amri ya kufanya mara moja tu. Wewe ulisema, "Mutu mwenye anabisha mara moja na anaenda, ule hakukuwa na lazima ya kuingia." Mkataka tafsiri yetu ya Kitembo iseme kubisha na kuendelea kubisha. Mkatia sahihi wote, na wasiojua kuandika wakaweka dole gumba. Kazi yangu ilikuwa moja: kuangalia kama Kigiriki kinawakubali.

Tuna programu ya Biblia kwenye kompyuta. Unaiambia ikutafutie kila amri ya namna hiyo, amri ya jambo linaloendelea, katika Injili ya Matayo, nayo inakuletea mistari yote. Nikaiuliza. Ikajibu sifuri. Chef wetu, yaani mkuu wa ofisi, Papa Gervais, alikuwa amesimama nyuma yangu. Akacheka.

"Unaona? Bale bazee banajitungia yabo. Machine haidanganyake."

Nami niliyesoma Kigiriki miaka mitatu, kwa ada uliyolipa kwa kuuza ng'ombe, nikafyata mkia. Sifuri katika Injili nzima, Papa. Hata anayeanza kusoma Kigiriki angeshtuka, maana amri hizo zimejaa mule. Nilishtuka, kisha nikaandika ile barua kwa mkono wangu mwenyewe.

Juzi nikatafuta tena amri hizo kwa ajili ya mistari mingine, nikapewa sifuri ileile. Hapo nikasema leo hatulali mimi na mashine hii. Nikadhani ni herufi, nikabadilisha kibodi na kuandika upya. Sifuri. Nikaondoa alama zote zinazokaa juu ya herufi. Sifuri. Nikaifunga programu na kuifungua. Mwisho nikatafuta neno dogo tu, lile la kusema "na", ambalo Matayo ameliweka kila mahali kama chumvi. Likaja mara chache, zote katika sura ya kwanza. Ndipo nikaona kisanduku kidogo pembeni. Programu ilikuwa imefungiwa itafute katika mistari kumi na saba ya mwanzo, basi. Ile orodha ya fulani alimzaa fulani. Sasa mule nani anamwamuru nani?

Kompyuta yenye programu hiyo ni moja. Umeme ukirudi tunaipokezana mbiombio kabla haujakatwa tena, unaketi pale mwenzako alipoachia, na hakuna anayeuliza ameacha nini. Zawadi, mwenzangu wa mezani, akaja kuchungulia, akashika kichwa.

"Riziki, ni miye. Nilikuwa nacheki majina ya bababu ya Yezu, courant ya umeme ikaenda. Ikarudia, wewe ukakaa."

Nilimnunia siku moja tu, kwa kuwa amekiri. Nikafuta ule mpaka, nikauliza upya, na mistari ikamiminika. Yenu ilikuwamo, kuomba, kutafuta na kubisha, yote matatu, kama mlivyosema mkiwa hamna kompyuta wala Kigiriki.

Nikampelekea chef. Alisoma, akakohoa, akafunga mlango.

"Sawa, rudisha maneno yabo. Lakini usiandike sababu. Bazee bakijua, bataanza kusema kazi yetu yote iko ya bongo, ya uongo tu."

"Na barua yenye ilisomwa kanisani, Papa chef?"

"Itasahauliwa. Ukiandika sababu, utatafuta kazi fasi ingine."

Itasahauliwa na nani? Na yeye, ambaye hakuna anayemcheka njiani? Papa, nilitoka mule kwa hasira, nikarudi mezani kwangu. Na wewe pia nimekukasirikia, nakwambia kweli. Ulibishana na pasta, ukabishana na mchungaji wa wilaya, lakini uliposikia "kompyuta imesema" ukainamisha kichwa. Ungebisha hata kidogo, mimi ningerudi kuangalia.

Basi nimeandika sababu. Iko kwenye ukurasa wenyewe wa mistari ile, chini ya sahihi na madole yenu, na jina langu, na nakala iko mezani kwa chef. Anaisoma wakati huu, ninamwona kwenye dirisha. Kama ni kurudi nyumbani nitarudi.

Ninachokuomba: barua hii usiikunje mfukoni. Mpe pasta yuleyule, aisome Jumapili kanisani, akiwa amesimama palepale aliposimama, yote, pamoja na pale nilipofyata mkia. Wewe ukae mbele.

Msalimie Mama, na shangazi anayemtunza. Msalimie kaka yangu mkubwa na mke wake, na bibi mzaa mama, mwambie meno yangu bado yapo, licha ya sukari ya mjini. Wale wazee wenzako wape mkono mmoja mmoja, ukianza na aliyekucheka zaidi.

Ni mimi binti yako, niliyewaandikia "mmekosea" bila kuangalia,

Riziki