Suruali Iliyolala Kwenye Friza

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi mama yako. Natumaini zitakukuta mzima, kifua kimetulia, na huko chuoni wanakupa chakula cha kushiba. Ukitaka kujua upande wangu, sijambo, ila magoti, na magoti yangu unayajua. Mama yako mdogo anakusalimu sana, anauliza kama umeanza kulivaa lile sweta. Livae, mwanangu. Baridi haina huruma na mtu mwembamba.

Nimeandika barua kwa sababu nikisema kwenye simu huyu mchumba wako atanisikia, kuta za nyumba hii ni kama pazia. Mwandiko uuvumilie, shule yangu unajua iliishia wapi.

Uliponipigia ukilia, ukasema mwanaume aliyekuharibia gauni la harusi kwa ajili ya suruali yake hawezi kuwa mume, na kwamba unangoja neno langu tu uvunje uchumba, nilikwambia nitafikiri. Basi nimefikiri. Kwanza acha niseme niliyoyaona, nitoe nyongo.

Uliponiomba nimpe chumba cha uani kwa kuwa saluni anayonyolea iko karibu na kwangu, nilikubali kwa ajili yako. Mkwe kulala kwa mama mkwe kabla ya ndoa, haya, nikameza. Nilidhani naletewa mwanaume. Kumbe nimeletewa suruali, na mwanaume amekuja kuisindikiza tu.

Jinzi yenyewe ngumu kama bati, ukiiacha sakafuni inasimama bila mtu ndani. Siku za mwanzo nikamwambia, baba, lete nguo nikufulie. Akashika mkanda kama nimemwomba figo. Akanieleza, kwa adabu zote sikatai, kwamba jinzi ya namna ile haifuliwi hovyo. Inavaliwa miezi na miezi mpaka ishike umbo lake, ipauke pale anapokunja magoti. Na siku ikifuliwa igeuzwe nje ndani, maji ya baridi, sabuni kidogo sana, isipigwe brashi, isikamuliwe, ianikwe kivulini, peke yake kwenye kamba. Nikamuuliza kama ni nguo au mgonjwa wa kutengwa. Akacheka. Mimi sikucheka. Mtu mzima na ndevu zake anangoja nguo ipauke kwa jasho, na eti huo ndio urembo! Mimi nimehangaika miaka yote nguo zenu zisipauke.

Halafu friza. Asubuhi nafungua nitoe barafu ninazowauzia watoto wa shule, nakuta jinzi imelala juu ya barafu za nanasi, imekunjwa vizuri, imekakamaa kama samaki. Nilipiga ukelele hadi jirani mshonaji akachungulia juu ya ukuta. Mtu wako akaja mbio na taulo, samahani Mama, samahani Mama, ni kwa ajili ya harufu, baridi inaua harufu. Nikamwambia hata sabuni inaua harufu, na haili umeme. Tena ilipoyeyuka harufu nayo iliamka, imepumzika vizuri. Suruali ya kinyozi, mwanangu! Vinyweleo vya kila kichwa cha mtaa huu, juu ya barafu zangu! Mama yako mdogo akambandika jina la Bwana Barafu, na mtaa mzima sasa ndivyo unavyomwita.

Kwa hiyo ukisema unamdharau, mimi nimekutangulia mbali. Sasa kaa chini.

Aliyeifua ile suruali si yeye. Ni mimi.

Siku ile alikwenda kazini na suruali nyingine. Nikaitoa jinzi kwenye friza. Sikukosea, mwanangu, nilidhamiria. Nilisema moyoni, leo atapandisha hasira, ataniita majina, nami nitampigia binti yangu nimwambie umemwona mtu wako? Nikachemsha maji. Nikamwaga sabuni ya unga bila kupima, nikaipiga brashi magotini pale pale alipokuwa akingoja papauke miezi yote, nikasugua mpaka maji yakawa kama wino. Nikaianika juani, inachuruzika.

Na gauni lako mshonaji alikuwa ameshalileta. Nilikuwa nimelitundika kwenye kamba hiyo hiyo, kule mwisho, lipigwe upepo. Nikaingia ndani kufunga barafu. Jinzi iliyolowa ni nzito kama mtoto aliyelala. Kamba ikabonyea katikati, upepo ukasukuma, vikateleza vyote viwili vikakutana. Nilipotoka, gauni limekumbatiwa. Nilipovibandua, palikuwa na miguu miwili ya buluu, imejichapa toka kiunoni hadi kwenye pindo, kama kuna mtu kasimama ndani yake.

Nikakaa chini pale pale uani. Ndivyo alivyonikuta. Nikangoja yale matusi niliyoyatafuta. Hata hiyo suruali hakuitazama. Alipiga magoti, akalizamisha gauni kwenye maji ya baridi, akanizuia nisilete ya moto maana rangi ingeshika, akabadilisha maji, akabadilisha tena na tena, hasugui, analibonyeza tu taratibu kama anaosha kichwa cha mtoto mchanga. Mikono ikawa ya buluu hadi viwikoni. Rangi ilitoka. Kilichobaki ni kama kivuli kwenye pindo, na mshonaji anasema atakifunika kwa lesi.

Nikamwambia huku nalia kwamba wewe hutanisamehe. Akajifuta mikono, akachukua simu, akakwambia ni yeye aliyefua jinzi yake na kuianika karibu na gauni. Mimi nimesimama pembeni na beseni mkononi, namsikia. Alipomaliza akasema, Mama, mimi nitambembeleza atapoa, lakini mkigombana nyinyi wawili wakati wa harusi nani atawapatanisha?

Nami nikanyamaza. Na uliponiambia unavunja, moyo wangu ulifurahi. Hilo ndilo linaloniaibisha kuliko gauni.

Suruali yenyewe naidharau mpaka kesho. Imenywea, inamwishia katikati ya muundi, na bado anaivaa saluni. Wateja wanamuuliza mafuriko yanakuja lini. Anawajibu kwamba ilifuliwa na mtaalamu. Hajawaambia ni nani.

Mpigie, mwanangu. Ukitaka kukasirika nikasirikie mimi, nipo, sijahama. Ila usimwambie kwamba nimemsema vizuri, kichwa kitamvimba.

Mshonaji anakusalimu, anauliza kama kiuno ni kile kile au huko umenenepa. Kunywa maji ya uvuguvugu, funika kifua unapolala. Rafu ya chini ya friza nimeiondoa barafu, nimeweka mfuko safi. Sijamwambia kitu. Akifungua ataona mwenyewe.

Ni mimi mama yako,
nikupendaye hata ukininunia.