Meza Niliyompangia Binti Yangu

Shoga, kwa kupanga meza ya kompyuta hakuna wa kunishinda! Ila kompyuta yenyewe hata kuiwasha sijui.

Si unajua binti yangu anachapa kazi za watu hapa nyumbani, na vidole vilianza kufa ganzi? Mwezi uliopita nikampangia meza chumbani mwake, dirishani. Kompyuta yake ya mpakato nikaipandisha juu ya mkebe wa biskuti, mto mgongoni, kigoda miguuni.

Leo kaja daktari wa viungo. Akaisifu meza, nikavimba kichwa. Kisha akamchoma binti kidole gumba kwa pini.

"Unasikia?"

"Sisikii."

Cha pili. "Sisikii."

Hasikii, shoga! Pini ile naiona inazama, hasikii!

Daktari akasema huenda mkono ukapasuliwa. Akamuuliza, "Huwa unachapa ukiwa kitandani?"

"Hapana, dokta. Nakaa pale pale alipopanga mama."

Kompyuta ile betri ilishakufa, bila waya haiwaki. Daktari akaushika waya uliochomekwa ukutani, ubavuni mwa kitanda, akauvuta kuelekea meza yangu. Ukaishia katikati ya chumba.

Binti akainamisha kichwa. "Mama, ulivyoipanga kwa furaha ile, ningekwambiaje?"