Sarafu ya Shingoni mwa Mwenda

Jumanne usiku

Kaka yangu Mwenda hajarudi. Kama ningekaa kimya...

Leo langoni mwa kijiji homugadi, askari mlinzi wa serikali, alimpekua, akaona sarafu yenye tundu ikining'inia shingoni.

"Hii si ya Malkia," alisema. "Ni alama ya kiapo cha Mau Mau."

Mimi huogopa hata kusoma kwa sauti darasani, lakini nilijitokeza. "Afande, ni hela ya Mjerumani, ya Tanganyika. Tazama hilo taji. Nimeiona kwenye kitabu cha mwalimu."

Aliigeuza, akafuata herufi kwa ukucha. Niliona anaanza kuniamini.

"Haya, mwalimu mdogo, inanunua nini?"

Nilifurahi kuulizwa. Nikajibu kama kwenye mtihani: haipokelewi dukani tena, na kwa kuwa zilitengenezwa nyingi mno, hata wanaokusanya sarafu hawazitafuti. Haina thamani.

"Haina thamani, na mwanamume mzima anaivaa shingoni?" Akacheka. Yeye na wenzake wakamfunga Mwenda mikono.

Mama hajanilaumu. Amekifunika chakula cha Mwenda kwa sahani.

Sikusema kwamba babu alirudi nayo kutoka vita vya Mjerumani, alikobebeshwa mizigo, na siku aliyofariki akamvika Mwenda. Sikulikumbuka hilo. Nilikuwa nakumbuka kitabu.